Mwizi Aliyesahau Alipomficha Mtakatifu

Zidoro aliamka kichwa kinamgonga, na ndani ya kichwa hicho hamna kitu. Kugongwa alikujua kumetoka wapi: kwenye chupa ya grogu, ile pombe kali ya miwa ambayo mwizi wa tabanka hupewa ili apate moyo wa kuiba. Kilichomtia jasho ni ule utupu. Alikumbuka kuingia kwenye kikanisa, kumshusha Mtakatifu Yohane, ile sanamu yao ndogo, kutoka juu ya meza yake, kumviringisha kitambaa chekundu na kutoka naye mbio kifuani, anacheka peke yake kama punguani. Alikumbuka na mbwa aliyemfukuza. Baada ya mbwa, giza tupu.

Nje, baragumu za kome zilikwisha kuanza kulia.

"Mtakatifu kaibwa! Jamani, mtakatifu kaibwa!" wanawake walipiga kelele kwa furaha, maana pale kijijini Achada Figueirinha hakuna habari njema kuishinda hiyo.

Msishangae. Mababu wa watu wale walikuwa watumwa, na siku walizopewa za kupumzika walizitumia kumcheka bwana. Walijiwekea mfalme wao, malkia wao, askari wa bunduki za mbao, hata daktari wa kupima watu homa kwa kijiti cha muhogo. Sasa ufalme usio na mwizi ni ufalme gani? Wakamweka na mwizi. Mwizi humwiba mtakatifu usiku na kumwacha mlangoni kwa mtu anayemtaka yeye. Mwenye nyumba akimkuta, hufunga mdomo wake, huwasha moto, hupika na kungoja. Asubuhi mwizi hukamatwa, hufungwa kamba kiunoni, na kuwaongoza watu mpaka kwenye nyumba ile. Mwenye nyumba hukataa, nyumba hupekuliwa, mtakatifu huonekana, watu hula mpaka wafungue mikanda. Ndiyo tabanka hiyo. Wareno waliipiga marufuku, watu wakaenda kuichezea korongoni. Haikufa.

Ila jua halitakiwi kuzama mtakatifu yuko nje. Tabanka iliyolaza mtakatifu nje imekwisha, ngoma zake hazipigwi tena. Majirani zao wa Ribeira Funda yaliwapata hayo zamani, na mpaka leo wakipita sokoni watoto huwauliza, "Mtakatifu wenu hajambo?" Watu wazima na mvi zao huinamisha vichwa na kupita upesi. Zidoro mwenyewe alikuwa wa kwanza kuwauliza, kila Jumamosi, na kicheko juu.

"Amka, jambazi," mkewe Minga alimwambia kutoka mlangoni. "Wanakuja kukukamata. Na uvitoe viatu vyako hapa, vimenijazia tope kizingiti chote."

"Minga, jana nilirudi saa ngapi?"

"Nikuulize wewe! Mimi nilisikia mtu anaiambia mbuzi yetu 'samahani, mama'. Nikajua mume wangu kafika salama."

Zidoro hakuwahi kuuliza zaidi. Askari wa bunduki za mbao walikwisha kujaa uani, kofia zao za karatasi zimekaa upande, na nyuma yao Mfalme, Nhô Simplício, yaani Bwana Simplício. Siku nyingine Simplício ni fundi wa kujenga kuta za mawe. Siku ya tabanka huvaa miwani nyeusi na kifua kizima cha nishani za vifuniko vya soda, na ole wako umwite fundi.

"Mwizi!" alinguruma. "Mtakatifu wetu yuko wapi?"

Desturi ni mwizi kujibu "sijui". Zidoro amekuwa mwizi tangu baba yake amwachie ile kofia ya matambara, na kila mwaka amesema sijui. Lakini hajapata kuisema kama alivyoisema asubuhi ile.

"Sijui," alisema, na midomo ikamtetemeka. "Haki ya Mungu, Nhô Simplício, sijui."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Mwoneni uso! Mwoneni jasho! Jamani, mwaka huu kajifunza kuigiza!" Mama mmoja alimfuta machozi ya kweli kwa pindo la nguo na kumsifu kwa watoto wake. Wakamfunga kamba, ngoma zikarindima, na safari ikaanza. Nani anaongoza? Zidoro. Kwenda wapi? Ndiyo hiyo sasa.

Alisimama juu ya ukingo wa korongo akijifanya anawaza hila. Kisiwa kilikuwa kimekauka kama kawaida yake mwezi Juni. Mlima ni mawe, bonde ni mawe, mahindi yapo kwenye magunia ya mbegu tu, watu wanatazama mawingu yakipita kwenda kunyesha baharini kusiko na shamba la mtu. Ng'ambo ya korongo moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye nyumba moja. Ulikuwa moshi mnene, wa kuni nyingi.

"Tangu alfajiri anapika," Zidoro alinung'unika. "Mlafi yule."

Hakuna aliyeuliza mlafi yupi. Ng'ambo ile aliishi Tiófi, kaka yake Zidoro, tumbo moja, ziwa moja. Na hawajasalimiana tangu miaka ya mwanzo ya uhuru.

Na mnajua waligombania nini? Si shamba, si mke. Mvua! Tiófi alichukuliwa kijana, mwaka wa njaa, akapakiwa melini kwenda kufanya kazi ya mkataba kwenye mashamba ya kakao ya São Tomé, kule chini kwenye mstari wa ikweta. Aliporudi alikuwa na mvi, na alikuwa na hadithi moja tu: mvua. São Tomé, alisema, mvua hunyesha kila siku ya Mungu. Miti imeshikana hata jua huomba ruhusa kupita. Ndizi zinaoza chini watu wanaziruka. Ukichomeka fimbo jioni, asubuhi ina majani. Watu wa Achada Figueirinha, ambao huoga kwa kikombe, walimsikiliza midomo wazi, na Zidoro akaona wivu. Yeye ndiye alikuwa mchekeshaji wa kijiji. Basi siku ya tabanka, mbele ya halaiki, akamtungia kaka yake wimbo: *Leteni ndoo, leteni ndoo, Tiófi kafungua mdomo!* Kijiji kizima kikauimba mpaka Krismasi. Tiófi alihamia ng'ambo ya korongo, akaapa kwamba tabanka hataikanyaga tena.

"Njia ya mwongo fupi," Zidoro alikuwa akisema kila akiuona moshi ule. Lakini aliutazama kila siku, na siku usipopanda mapema alikuwa hanywi kahawa yake kwa raha.

Haya, turudi kwenye kamba. Zidoro aliwaza: mlevi huenda wapi? Huenda penye chakula. Akawageuza watu kuelekea kwa Nha Bibiana, mjane mwenye mkono mtamu kuliko wote kwa kupika kachupa.

"Hapa hakuna mtakatifu!" Nha Bibiana alisema, mikono kiunoni.

"Ndivyo wasemavyo wote wenye naye!" watu wakamjibu kwa sauti moja.

"Nawaambia hakuna! Ningekuwa naye si ningepika? Mnaona moshi hapa?"

"Ahaa! Na moto kauficha!" alipiga kelele Mfalme. "Askari, pekueni!"

Walipekua. Chini ya kitanda walimkuta kuku amelalia mayai, akamdonoa askari mmoja kidole, na daktari wa kijiti cha muhogo akaitwa kwa haraka kumtibu majeruhi. Mtakatifu hakuonekana. Lakini mwanamke gani ataiacha tabanka itoke kwake na njaa, kesho aseme nini kisimani? Nha Bibiana alilaani ukoo mzima wa Zidoro kuanzia juu kushuka chini, kisha akatoa kachupa ya jana, mahindi na maharage, akaikaanga na vitunguu, watu wakala wamesimama. Alipomaliza kulaani alijifunga nguo kiunoni na kujiunga na msafara.

Ikawa hivyo kila walikokwenda. Kwa mwalimu wa shule walipekua mpaka ndani ya kasha la ramani, wakala mayai yote ya nyumba. Kwa mtengeneza grogu walikaribishwa kwa vikombe, na Zidoro, aliyeapa asubuhi kwamba hatainusa tena pombe, alikumbuka kwamba maji ya kisiwa kile ni machache na si vizuri kuyamaliza. Kila nyumba ilisema "hapa hakuna", na kadiri walivyoapa ndivyo walivyopekuliwa. Bibi mmoja aliapa kwa kaburi la mumewe. "Mumewe yuko Lisbon, mzima kabisa!" watu walipiga yowe, wakamvunjia kitanda.

Msafara ulifura. Watu waliacha vyerehani, waliacha punda njiani, waliacha watoto kwa majirani na majirani nao wakaacha watoto wakaja. Zidoro alicheza, maana kila aliposimama watu walimtazama wakingoja njia. Basi alicheza kwenye mawe, alicheza juu ya ukuta wa Nhô Simplício, alicheza na kamba yake kama binti na utepe. "Huyu ndiye mwizi!" walisema wazee. "Tangu Wareno waondoke hatujazungushwa hivi!" Mwenyewe alianza kuona raha. Kwa dakika kadhaa, huku anazunguka na mbingu inazunguka naye, alisahau kwamba amesahau.

Kisha akaliona jua. Lilikuwa limeshaegemea upande wa bahari.

Minga aliishika kamba akaivuta, akamsogeza mumewe pembeni kama mbuzi.

"Zidoro. Nitazame."

"Nakutazama, mpenzi."

"Usiniite mpenzi na domo linalonuka hivyo. Umesahau."

"Nani kasahau?"

"Mume wangu, mimi ninajua hata unapoota unaota nini. Umemweka wapi mtakatifu wa watu?"

Zidoro alifungua mdomo aseme uongo, ukakataa kutoka. "Sijui," alisema. "Minga, leo nimesema kweli kutwa nzima na hakuna mtu mmoja aliyeniamini."

"Yesu na Maria!" Minga alisema. Akajiziba mdomo. Mabega yakaanza kumruka, akacheka, akacheka mpaka akalazimika kuishikilia kamba asianguke.

"Mwanamke, tunakufa hapa! Kesho sokoni wataniuliza mtakatifu wangu hajambo!"

"Ngoja," alisema akijifuta macho. "Ngoja kwanza. Viatu vyako."

"Vina nini?"

"Vilikuwa na tope. Asubuhi nilikwambia, tope kizingiti chote. Zidoro, mvua imenyesha lini hapa?"

Zidoro alivitazama viatu vyake. Katika kisiwa kile kizima, kutoka kileleni mpaka kwenye ufuko, palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mtu angeweza kukanyaga tope mwezi Juni. Ni chini ya ile chemchemi ndogo ya ng'ambo ya korongo, ambapo mzee mmoja mbishi, aliyerudi kutoka São Tomé, alikuwa amepanda migomba ili awaonyeshe watu.

"Siendi," alisema.

"Basi jua litakwenda."

"Minga, siwezi. Nitamwambia nini?"

"Usimwambie kitu. Miguu yako imeshakwenda kusema, imekushinda akili." Akamwekea kofia yake ya matambara vizuri kichwani. "Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nimelima miaka yote hii, mume wangu. Nimechoka kulima."

Nhô Simplício naye alikuwa amekuja, amevua miwani yake nyeusi. Bila miwani alikuwa fundi wa mawe mwenye hofu. "Mwizi," alisema kwa sauti ya chini, "jua lile."

Zidoro aligeuka na kuishika njia ya kushuka korongoni.

Watu walipoona anaelekea wapi, ngoma zilijikwaa. Mpigaji mmoja aliacha kabisa. "Kwa Tiófi?" mtu alinong'ona. "Kwa nani?" "Kwa Tiófi, nakwambia!" Kisha yule wa ngoma kubwa akapiga kwa nguvu zake zote, baragumu zikaitikia, na umati mzima ukamiminika bondeni unapiga vigelegele, unateleza, unashikana, viatu vinazama kwenye tope chini ya migomba. Nyayo za mtu zilikuwa pale, zimepinda huku na huku, zinakwenda mpaka mlangoni. Zidoro alizitambua. Aliona hata alipokuwa amepiga magoti.

Tiófi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakatika, kola imelika, vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni. Nyuma yake masufuria makubwa yalikuwa yamepangwa juu ya mafiga: kachupa, mbaazi, mbuzi, na ndizi za mkungu mzima. Harufu yake iliwafanya watu walioshiba waone njaa upya. Macho ya Tiófi yalikuwa mekundu, na sitaki kusikia mtu akisema ni moshi.

"Hapa," alisema, akaishika kola yake, akaanza tena. "Hapa hakuna mtakatifu."

Alikuwa ameingoja siku nzima kuisema sentensi ile. Tangu alfajiri alipomkuta Mtakatifu Yohane mlangoni pake, ameviringishwa kitambaa chekundu, alikuwa amepika, akapiga pasi, akakaa. Alisikia ngoma zikienda kwa Bibiana, zikaenda kwa mwalimu, zikaenda kila mahali isipokuwa kwake. Alipasha chakula moto, kikapoa, akakipasha tena.

Hakuna aliyepiga kelele "ndivyo wasemavyo wote". Hata Mfalme hakuwaamuru askari. Wote walimtazama Zidoro.

"Yupo," Zidoro alisema. "Nilimleta mwenyewe."

"Basi anakombolewa," alisema Tiófi. Na hiyo ni haki ya mwenye nyumba: anaweza kutaka wimbo, anaweza kutaka Malkia amchezee. "Fidia yangu naitaka kwa mwizi. Aseme hapa, mbele ya watu walewale: São Tomé mvua hunyesha kila siku."

Lo! Mbuzi wa ng'ambo akalia, kila mtu akamsikia. Zidoro alilitazama jua, nusu yake ilikuwa imeshaingia baharini. Aliutazama umati uliowahi kuimba wimbo wake. Ubishi wa ukoo wao wote ukampanda, akaumeza.

"São Tomé mvua hunyesha kila siku."

"Sikusikia. Mimi mzee."

"Kila siku!" Zidoro alipaza sauti mpaka korongo likaitika. "Kila siku ya Mungu! Na Jumapili mara mbili, mara moja kwa ajili ya padri!"

Korongo zima lililipuka. Watu walirusha kofia za karatasi, Nha Bibiana alimbusu daktari, na Tiófi aliingia ndani akatoka na mtakatifu, akamweka mikononi mwa mdogo wake jua likiwa bado na ukingo. Baragumu zikalia. Tabanka ilikuwa imepona.

Lakini Tiófi hakuwa anacheka. Aliishika kamba ya kiunoni mwa Zidoro kana kwamba anataka kuifungua, asiifungue.

"Si kila siku," alisema.

"Nini?"

"Si kila siku. Kuna miezi, kuanzia hii Juni, halidondoki hata tone. Ukavu kama huku."

"Tiófi!" Zidoro alimkazia macho. "Nimeapa mbele ya mtakatifu! Nimemshika mkononi!"

"Nilikwenda kijana, mdogo wangu," alisema Tiófi, na waliokuwa karibu walinyamaza wasikie. "Nimevuna kakao ya watu mpaka mgongo ukapinda. Nilishuka melini na shati hili, basi. Nanyi mmejipanga njiani, wewe wa mbele kabisa, unaruka, unauliza: kaka, umetuletea nini? Nikatazama mashamba yenu. Nikatazama mikono yangu." Akaviinua viganja vitupu. "Nikawaletea mvua."

Zidoro alisikia kitu kinamvunjika kifuani, na hakikuwa grogu. Zawadi ile moja, aliyobebewa kutoka mwisho wa dunia, yeye ndiye aliyeitungia wimbo. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alitaka kusema samahani, lakini neno lile alikuwa amekwisha kumpa mbuzi jana usiku, na sasa halikutosha.

Alimkabidhi Malkia mtakatifu. Akaketi chini, palepale kwenye tope la migomba, kamba yake kiunoni, akaivuta suruali ya kaka yake mpaka naye akaketi. Minga aliwawekea bakuli moja kati yao.

"Haya," Zidoro alisema, "inyeshe."

"Nini?"

"Hiyo mvua yetu. Anza mwanzo, siku uliyofika. Na usipunguze."

Tiófi aliitazama mbingu, haikuwa na wingu hata la kuazima. Akamtazama mdogo wake kuona kama ni dhihaka. Kisha akajikohoza.

"Tulishuka melini asubuhi," alianza, "na tulikuwa bado hatujafika kwenye miti..."

Minga, kwa utundu wake, akavuta shali akajifunika kichwa. Nha Bibiana akamfuata, na wanawake wote wakavuta shali zao. Mpiga ngoma akaweka kando fimbo na kuanza kudondosha ncha za vidole juu ya ngozi, pole pole, kisha kwa wingi.

"Leteni ndoo!" Zidoro alipiga kelele, na kabla mtu hajajua kama acheke au aogope, Tiófi ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka mpaka shati jeupe likamwagikiwa mchuzi.

"Sogea, kaka," Zidoro alisema, akijibana begani kwake. "Huku kwangu kunavuja."